Kujitolea kutunza punda na ng'ombe: Huruma pekee haitoshi

MSAFIRI anayetoka Awasi kwenda Muhoroni kupitia Chemelil hukutana na mambo mawili katika barabara moja. La kwanza ni matrekta na malori yaliyosheheni miwa. La pili ni wanyama: ng'ombe waliofungwa kamba kando ya njia, mbuzi wanaovuka bila kutazama, maksai wanaorejea kutoka shambani na punda waliobeba mitungi ya maji.

Muwa ukikomaa hukatwa, na kila mtu anajua unakopelekwa. Maksai akizeeka, au punda akivunjika mguu, hupelekwa wapi?

Kwa wengi jibu ni jepesi. Mnyama asiyeweza kazi tena huuzwa, huchinjwa au huachiliwa barabarani ajitafutie. Wahenga walikwisha kusema: punda afe, mzigo ufike.

Hata hivyo, kuna jibu jingine. Nalo ni kituo cha hifadhi ya wanyama wa kufugwa, mahali ambapo mnyama hupokewa, hutibiwa na kutunzwa bila kudaiwa maziwa, nyama wala kazi. Vituo vya aina hii aghalabu huendeshwa na watumishi wachache wa kulipwa, wakisaidiwa na watu wanaojitolea.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo, makosa yanayofanywa na wenye nia njema, na yale ambayo mkazi wa Muhoroni au kwingineko anaweza kufanya hata kama hana kituo jirani.

Kituo cha hifadhi ni nini?

Jina hili huchanganya watu. Mjini Kisumu kuna hifadhi ya swara iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, nayo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hiyo ni ya wanyama wa mwituni na ina sheria zake. Kituo tunachokizungumzia hapa ni cha wanyama waliozaliwa mikononi mwa binadamu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, nguruwe na kuku.

Ni vyema pia kutofautisha mambo matatu. Zahanati ya mifugo humtibu mnyama na kumrudisha kwa mwenyewe. Makao ya muda humpokea mnyama aliyeokolewa hadi apatiwe mwenyewe mwingine. Kituo cha hifadhi humchukua mnyama asiyekuwa na pa kurudi na kuahidi kumtunza hadi siku ya kufa kwake.

Ahadi hiyo ya mwisho ni nzito kuliko inavyosikika. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na zaidi, na ng'ombe anaweza kufikisha miaka 20. Anayempokea ndama leo anajifunga kwa muda unaokaribia ule wa kumlea mtoto hadi awe mtu mzima.

Chimbuko la vituo hivi

Nchini Kenya, chama kikongwe zaidi katika shughuli hizi ni kile cha kuzuia ukatili na kutunza wanyama, kinachojulikana kwa herufi KSPCA. Chimbuko lake ni chama cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1910, na makao yake makuu yako Karen, jijini Nairobi. Wengi hukifahamu kwa mbwa na paka, ila punda na mifugo mingine pia imepita mikononi mwake.

Uingereza, Elisabeth Svendsen alianzisha The Donkey Sanctuary mwaka 1969 katika jimbo la Devon. Marekani, Farm Sanctuary ilianzishwa mwaka 1986. Mnyama wake wa kwanza alikuwa kondoo aliyekutwa yu hai juu ya lundo la mizoga nyuma ya soko la mifugo huko Pennsylvania. Alipewa maji na kivuli, akasimama, akaishi zaidi ya miaka kumi baada ya siku hiyo.

Mfano wa karibu nasi uko Lamu. Mnamo 1987, baada ya Svendsen kuzuru kisiwa hicho na kujionea hali ya punda, shirika lake lilifungua kituo katika mji wa kale wa Lamu. Katika mji ule wenye vichochoro visivyopitika kwa gari, punda ndiye lori, ndiye teksi, ndiye mkokoteni. Hubeba mchanga, mawe ya kujengea, unga na maji.

Kituo cha Lamu hakikuanza kwa kuwanyang'anya watu punda wao. Kilitoa matibabu na dawa za minyoo bila malipo, kikawapokea wale wazee na wagonjwa, na kikaandaa mashindano ya kumtafuta punda aliyetunzwa vyema kuliko wote. Tuzo ilimwendea mwenye punda. Kwa njia hiyo, mtu aliyekuwa akilaumiwa akawa mtu wa kuigwa.

Somo la Lamu ndilo msingi wa makala haya. Katika nchi ambamo mnyama ni riziki, kituo kinachomgeuza mwenye mnyama kuwa adui hakidumu.

Punda na biashara ya ngozi

Hakuna mnyama wa kufugwa aliyeonyesha haja ya ulinzi katika miaka ya karibuni kama punda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa barani Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Licha ya utumishi huo wa kale, idadi yake ilianza kuporomoka ghafla katika karne hii.

Chanzo kilikuwa ngozi. Huko Uchina ngozi ya punda huchemshwa ili kupata gundi inayotiwa katika dawa za kienyeji na vipodozi. Punda wa Uchina walipopungua, wanunuzi waligeukia Afrika. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2016, vichinjio vinne vya punda vilifunguliwa katika kaunti za Baringo, Nakuru, Turkana na Machakos.

Ripoti ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) ya mwaka 2019 ilieleza kuwa punda 301,977 walichinjwa kati ya 2016 na 2018, sawa na asilimia 15.4 ya punda wote nchini. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu takriban punda milioni 1.8. Ile ya 2019 ilipata karibu milioni 1.2.

Wizi ulifuata soko. Watu waliamka na kukuta zizi tupu, na wengine walikuta mizoga iliyochunwa ngozi vichakani. Aliyeumia kwanza alikuwa mama muuza maji na kijana wa mkokoteni.

Mnamo Februari 2020, Waziri wa Kilimo wakati huo, Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda. Mwezi Mei 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha marufuku hiyo. Hatimaye, Februari 2024, viongozi wa Muungano wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kote barani kwa miaka 15.

Basi anayejitolea kumtunza punda leo hafanyi mchezo wa watu wenye nafasi. Anasaidia kulinda chombo cha kazi cha maskini, ambacho pia ni kiumbe chenye uchungu.

Siku ya kazi ilivyo

Wengi huwaza kwamba watashinda siku nzima wakiwapapasa wanyama shingoni. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ni samadi na maji.

Siku huanza alfajiri. Kabla ya kulisha, mhudumu hupita zizi lote akitazama tu. Nani hajasimama? Nani amejitenga? Nani ameacha chakula cha jana? Kinyesi cha nani ni chepesi, au hakipo kabisa? Mnyama hasemi, kwa hiyo dakika hizo za kutazama ndizo mazungumzo yake na binadamu.

Kisha huja usafi. Samadi huzolewa, majani yaliyolowa huondolewa na mahali pa kulala hukaushwa. Unyevu huozesha kwato na kuleta nzi, na nzi huleta funza katika vidonda.

Maji hufuata. Punda mzima huhitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi, na ng'ombe anayenyonyesha huhitaji maradufu ya hapo na zaidi. Hori husuguliwa kabla ya kujazwa. Punda huchagua maji. Yakinuka hatakunywa hata akiwa na kiu.

Baada ya malisho huja shughuli za zamu: kukagua kwato, kusafisha vidonda vya nira na shogi chini ya uangalizi wa mtaalamu, kupaliza ua, kurekebisha uzio, kupakua nyasi, kuandika daftari. Kwato za punda hukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Zikiachwa hupinda kama viatu vilivyochakaa, na mnyama hushindwa kutembea.

Daftari ni kazi inayodharauliwa na wageni, ilhali ndiyo nguzo ya kituo. Humo huandikwa kila mnyama alikula nini, alipewa dawa gani, lini na nani. Mhudumu wa asubuhi anapoondoka, yule wa jioni hana kumbukumbu nyingine.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Msemo huu hutekelezwa kikamilifu katika vituo vilivyo makini.

Uhuru wa aina tano

Vituo vingi duniani hupima kazi yao kwa kanuni zilizotungwa Uingereza na baraza la ustawi wa mifugo mwaka 1979, zijulikanazo kama uhuru wa aina tano. Mhudumu mpya atazikuta ukutani, na ni vyema azijue:

Kwanza, mnyama asikae na njaa wala kiu. Pili, awe na mahali panapofaa pa kukaa na kupumzika. Tatu, akingwe na maumivu, majeraha na magonjwa, au atibiwe upesi. Nne, aachiwe nafasi ya kuishi kwa tabia za jinsi yake, pamoja na wenzake. Tano, asiishi kwa hofu na mateso.

La nne husahauliwa mara nyingi. Punda hufanya urafiki wa kudumu na mwenzake. Ukimtenga na mwandani wake, hata kwa nia ya kumtibu, anaweza kugoma kula. Punda aliyegoma kula kwa siku mbili tatu yumo hatarini, kwani mafuta ya mwili wake huanza kufurika katika damu na kuharibu ini. Kwa sababu hiyo, kituo kinachojua kazi humhamisha mgonjwa pamoja na rafiki yake.

Huruma inayoua

Makosa mengi ya wanaojitolea hayatokani na ukatili. Hutokana na huruma isiyokuwa na elimu.

Kosa la kwanza ni kumshibisha kwa siku moja mnyama aliyekuwa amekonda. Tumbo lililozoea kidogo haliwezi kupokea kingi. Mnyama aliyeteswa na njaa hulishwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na chakula huongezwa polepole kwa siku kadhaa.

Kosa la pili ni kudhani kila chakula cha mifugo chafaa kila mnyama. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku vinavyouzwa madukani hutiwa dawa iitwayo monensini. Ng'ombe huistahimili ikipimwa sawasawa, lakini kwa punda na farasi ni sumu kali. Mkono mmoja wenye ukarimu unaweza kuua zizi zima.

Katika ukanda wa miwa kuna mtego wa pekee. Majani ya ncha za miwa hulishwa ng'ombe hasa wakati wa kiangazi, na molasi, yale masalia mazito meusi ya kutengenezea sukari, hupendwa na kila mnyama. Majani hayo hujaza tumbo, lakini yana protini kidogo, hivyo ng'ombe asiyeongezewa chakula kingine hukonda huku tumbo limejaa. Molasi nayo hutiwa maji na kutolewa kwa kipimo. Ng'ombe asiyeizoea akiinywa nyingi kwa mara moja, tumbo huchachuka na anaweza kufa.

Kosa la tatu ni kujifanya daktari. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inataka anayetibu wanyama awe amesajiliwa. Mhudumu wa kujitolea anaweza kumshika mnyama, kuosha kidonda kama alivyoelekezwa na kutoa taarifa. Hana ruhusa ya kudunga sindano kwa kubahatisha. Vivyo hivyo, kuchoma ngozi ya mnyama kwa chuma cha moto ili kutoa ugonjwa, desturi iliyopo katika sehemu kadhaa, humwongezea jeraha pasipo kumponya.

Kosa la nne ni kutoelewa lugha ya maumivu. Punda huficha uchungu. Anayesimama kimya, masikio yameanguka, huenda ana hali mbaya kuliko ng'ombe anayelia. Wahenga husema shukrani ya punda ni mateke, lakini teke aghalabu ni jawabu la kidonda kilichoguswa. Asisimamiwe nyuma, na asikaribiwe bila kusikia sauti ya anayekuja.

Mnyama ana mwenyewe

Kando ya Ziwa Viktoria, mtu kutunza mnyama wa mwenzake si jambo geni. Miongoni mwa Waluo kuna desturi ya tangu jadi ya kuwaweka ng'ombe kwa jamaa au rafiki. Anayepewa hufaidi maziwa na samadi, na mwenye mali hutawanya hasara: ugonjwa au wizi ukiingia boma moja, haumalizi ng'ombe wake wote. Mwenye kutunza anajua kwamba ng'ombe si wake, na kwamba siku moja ataulizwa.

Mtu anayejitolea kituoni yumo katika uhusiano kama huo. Mnyama si wake. Ni wa kituo, au ni wa mfugaji aliyemleta kutibiwa. Kumpiga picha na kumwaibisha mwenyewe hadharani hakumsaidii mnyama. Humfanya mfugaji afiche mgonjwa mwingine nyumbani.

Njia yenye manufaa ni kumwonyesha faida yake. Nira iliyowekewa kitambaa laini haitoi kidonda, na maksai asiye na kidonda hulima hadi mwisho wa msimu. Punda anayenyweshwa mara tatu kwa siku huvuta mzigo zaidi ya yule anayepigwa mara kumi. Shirika la Brooke, lililoanza Misri mwaka 1934 na ambalo limefanya kazi Kenya pia, limejenga sehemu kubwa ya shughuli zake juu ya mafunzo ya aina hii kwa vikundi vya wenye punda.

Pale mfugaji anapokataa kabisa kubadilika, sheria ipo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, ambayo ni Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamtia hatiani mtu anayempiga mnyama kikatili, anayempakia kupita kiasi, anayemfanyisha kazi akiwa mgonjwa au mwenye jeraha, au anayemnyima chakula na maji. Malalamiko hupelekwa kwa polisi au afisa wa mifugo.

Fauka ya hayo, Katiba ya 2010, katika Orodha ya Nne, inakabidhi serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, na inataja waziwazi mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Kwa maneno mengine, makao ya wanyama si fadhila ya wageni pekee. Mkazi wa Muhoroni ana haki ya kuliuliza Bunge la Kaunti ya Kisumu limetenga nini kwa kazi hiyo, jinsi anavyouliza kuhusu zahanati au soko.

Jikinge wewe mwenyewe

Anayetunza wanyama hukaribiana na magonjwa yanayoweza kumwambukiza. Kabla ya kuanza kazi, aulize hospitalini kuhusu chanjo ya pepopunda na ile ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo wa pili, licha ya jina lake, huwapata pia punda, ng'ombe na mbuzi. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, anayedondokwa na mate au kushindwa kumeza, asitiwe mkono kinywani.

Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, hasa ukitokwa damu puani au njia ya haja, usipasuliwe. Huenda ni kimeta. Afisa wa mifugo aitwe. Maziwa yachemshwe siku zote, maadamu yale mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela. Viatu vya mpira, glavu na sabuni vinamlinda mhudumu kuliko ujasiri.

Kuna jambo jingine ambalo chanjo haizuii: huzuni. Kituo cha kweli hupokea wanyama waliochelewa. Wengine watakufa, na wengine daktari atashauri wafishwe kwa sindano ili wasiendelee kuteseka. Mhudumu ambaye hajajiandaa kwa siku hiyo huhisi kana kwamba kazi yake yote imepotea. Haijapotea. Mnyama aliyekufa kwa utulivu, akiwa ameshiba na kwenye majani makavu, amepata kile ambacho wengi wa jinsi yake hawakukipata.

Kuchagua kituo

Si kila panapoitwa hifadhi ni hifadhi. Kuna mahali ambapo wanyama huwekwa ili wageni walipe, na wagonjwa hutolewa mbele kwa sababu ndio wanaochangisha fedha. Kabla ya kujiunga, mtu aulize maswali haya:

Je, kituo kimesajiliwa, na hesabu zake hukaguliwa? Daktari wa mifugo anayekihudumia ni nani? Je, wanyama huzalishwa humo? Kituo kinachozalisha huongeza mzigo kinachodai kuupunguza, na kwa sababu hiyo madume aghalabu huhasiwa. Je, wanyama huuzwa? Wageni huruhusiwa kuwapanda au kuwashika ovyo? Daftari la chakula na matibabu liko wapi? Nani atawalisha wanyama hawa fedha za mfadhili zikikatika?

Shirikisho la kimataifa la vituo vya hifadhi, lililoundwa mwaka 2007, huweka maswali ya namna hii miongoni mwa vigezo vyake. Msimamizi mwadilifu hatachukizwa na kuulizwa.

Kituo nacho kina haki ya kumuuliza anayekuja. Utakuja siku zipi? Utadumu kwa muda gani? Mtu anayefika kila Jumamosi kwa mwaka mzima ana faida kuliko kundi la watu 20 wanaofika siku moja, wakapiga picha na kuondoka. Wanyama huzoea sauti na harufu. Sura mpya kila wiki huwatia wasiwasi.

Ukiwa Muhoroni, uanzie wapi?

Nairobi na Lamu ni mbali, na si kila mtu ana nauli. Hata hivyo, kazi inaweza kuanza nyumbani.

Mosi, ijulikane ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, na siku za chanjo zinapotangazwa, watu wajitolee kuwashika wanyama, kuandika orodha na kuwapelekea habari majirani wazee. Daktari mmoja akiwa na wasaidizi wanne huchanja wanyama wengi zaidi kwa siku.

Pili, kikundi cha vijana au cha kanisa kinaweza kujenga hori la maji na kivuli sokoni, mahali ambapo punda na ng'ombe husimama juani tangu asubuhi hadi jioni. Gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana siku hiyo hiyo.

Tatu, kuna mafuriko. Mto Nyando hufurika mara kwa mara na kufunika nyanda za Kano, kama ilivyotokea katika mvua za Aprili na Mei 2024. Mnyama aliyefungwa kamba hana njia ya kujiokoa. Kanuni ya kwanza ni kuwafungua, na ya pili ni kuwahamisha mapema kabla maji hayajafika magotini. Muhoroni na Koru ziko juu kuliko Kano. Boma lililo mwinuko, lenye ua, maji safi na jirani aliyekubali tangu Januari kupokea mbuzi watano na ng'ombe wawili wa jamaa yake wa bondeni, ni kituo cha hifadhi hata bila bango langoni.

Maandalizi yake ni machache: orodha ya wanyama na wenyewe, alama ya kumtambua kila mmoja, nyasi kavu za wiki moja, na nambari ya simu ya afisa wa mifugo. Wageni watengwe na wenyeji kwa siku kadhaa ili wasiambukizane magonjwa.

Anayetaka kujitolea na aanze na mnyama mmoja wa jirani, kwato zake, maji yake na kidonda chake, kwa idhini ya mwenyewe. Akimaliza mwaka mzima bila kukosa siku aliyoahidi, atakuwa amefaulu mtihani ambao kituo chochote kingempa.